Madhambi

Usiku huu, Kaloleni, naloweka soksi kwenye beseni
na maji yanageuka kijani.
Soksi zangu hazijawahi kutoa kijani.
Viwanja vya huku hutoa tope jeusi, basi.
Hii ni nyasi ya Karen, ile inayonyweshwa hata siku ya mvua.

Daftari la mechi liko mezani:
nambari tatu, Kitheka, njano.
Nambari nane, Musumba, njano.
Nambari nane tena. Kisha nyekundu.
Upande wa wenyeji, ukurasa ni mweupe.

Sisi husema mchezaji kafanya madhambi.
Nani aliliokota neno hilo kanisani
akalitupa katikati ya uwanja?

Dakika ya kumi na saba
yule kijana mwenye nywele za nyuzi za mahindi alianguka.
Kipenga kililia kabla jicho langu halijafika.
Alikuwa amejikwaa kwenye kamba ya kiatu chake.
Niliiona kamba. Niliiona,
na mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni.

Baadaye Musumba akafyekwa miguu yote miwili.
Nilisikia ugoko ukilia kama kijiti cha kuwashia jiko.
Nikamwambia: Inuka bwana, wewe ni mgumu.
Mgumu. Kama ninayemsifu.

Hakuna aliyenihonga.
Walinipa machungwa yaliyokatwa vipande,
chai ya maziwa,
elfu mbili kwenye simu kabla sijavua jezi.
Ngozi yangu na ya Musumba ukizianika kamba moja
hutajua ipi ya nani.

Baba alikata nyasi kule kule, klabu ya jirani.
Akisikia gari huko mbali, alishuka mtaroni
na kofia mkononi,
akalipisha gari ambalo bado halijatokea.
Wakati mwingine halikutokea kabisa.
Nilikuwa na miaka sita, nimemshika suruali,
nami nikashuka.
Sikujua kwamba nilikuwa nasomea urefa.

Musumba hakubishana na kadi.
Aliuliza tu: Refa, unakaa wapi?
Kaloleni.
Mimi Jericho, akasema. Kumbe karibu.
Akavua jezi, akaikunja vizuri,
maana ni ya kuazima,
akatoka polepole, ule mguu akiuburuta kidogo.

Nimebadilisha maji mara tatu.
Bado kijani.