Uzi wa Dakika Tisini

Ramani imelala juu ya meza ya jikoni,
pembe moja imeshikwa na chupa ya siki,
pembe ya pili na kiwiko cha Aubin.
Nimechomeka pini Arras, tunapoishi,
nikafunga uzi mweusi wa kushonea,
nikauvuta urefu wa dakika tisini, nikazungusha.
Ndani ya duara hili tunaweza kwenda na kurudi.
Nje yake ni usiku.

Daktari alisema mwezi wa tano: mchana, sawa.
Jioni, hapana. Taa za magari yanayokuja
humpasukia Aubin usoni kama sahani.
Septemba ikifika, ufunguo ampe mkewe.
Mkewe ni mimi, na sijawahi kushika usukani;
Aubin hakulisema hilo, nami nikatazama viatu.

Basi, Jumamosi tisa, miji kumi na minne.

Beauvais, anasema.
Mbali, nasema.
Lakini anataka lile kanisa lisilokwisha,
walilolipandisha juu mno, likaporomoka,
wakainua tena, likaporomoka tena,
mwishowe wakaziba ukuta pale walipofika,
kama mtu aliyekatizwa maneno.
Naweka alama ya kuuliza.

Senlis, mawe ya njia zake yatalila goti langu.
Péronne ni mji wa kale ulio mdogo kwa mama yangu,
vita viliufuta, ukaanza upya. Lakini tuseme nini sisi?
Hata viwanja vyetu hapa wageni huvipiga picha
wasijue vingi vyake vilijengwa mara ya pili, tofali kwa tofali.
Saint-Omer tulikwenda mwaka ule wa ugomvi.
Sina haja ya kuliona tena benchi lile.
"Benchi halina kosa," anasema.
"Najua. Liache lipumzike."

Ikabaki Laon.

Miaka thelathini na minne amebeba viazisukari kwa lori,
akipita chini ya kile kilima,
minara ikimtazama kutoka juu ya ngano
kama watu waliosimama kitandani.
Hakuwahi kupanda. Lori halipandi kule.
Nikamsomea: juu ya minara kuna maksai wa mawe,
husemwa ni shukrani kwa waliovuta mawe mlimani.
"Wenzangu hao," akasema. "Nani mwingine
aliyewahi kumchongea dereva sanamu?"

Tukafika saa tano asubuhi, jua halina hata kope ya wingu.
Akasimama uwanjani, akainua kidole:
"Yule pale, tazama anavyochungulia!
Utadhani kaitwa jina."
Nikakifuata kidole.
Kilikuwa kimeelekea bomba la mvua, na njiwa.

"Ndiyo," nikasema, "anachungulia."

Kisha nikaikumbuka barabara tuliyokuja nayo,
kila kona aliyoikata kwa mazoea,
yule mtoto wa baiskeli karibu na Saint-Quentin,
na tumbo langu likawa baridi kama sakafu ya kanisa.
Nikaomba ufunguo. Nimesahau miwani garini, nikasema.
Miwani ilikuwa puani.

Tulikula mkate na jibini juu ya ukuta wa mji,
uwanda wote chini yetu, malori madogo kama chawa.
Hakuuliza ufunguo uko wapi.
Akapangusa makombo mapajani, polepole,
akasema, "Treni ya mwisho ni saa ngapi?"

Gari liko kule bado, na faini chini ya waipa;
Gauthier wa dada yangu atalifuata Jumanne.
Uzi nimeurudisha kwenye sindano,
nashona kifungo cha koti la Aubin.

"Beauvais," anasema.
Nafungua ratiba.
Kubadilisha treni mara mbili,
na kungoja dakika arobaini
mahali ambapo hatujapata kupasikia.