Lengo Namba Saba

Nyanda za Karso ni mawe,
ni jiwe juu ya jiwe;
wafu wetu wafukiwe
vipi humu handakini?

Kombora moja likija
jiwe hufanya kioja,
huwa visu mia moja
vikimbiavyo usoni.

Mimi mpiga mizinga,
Sardinia nilichunga
mbuzi, na sasa napanga
mabomu kama ni kuni.

Adui sikumpata
kwa macho; nilifuata
namba, na pembe, na nukta
zilizochorwa ramani.

Simu ikilia: "Saba!"
naingiza chuma, shaba,
navuta kamba. Si haba,
moshi ule kileleni.

Saba ni nini? Sijui.
Ni zizi, au adui?
Mzinga haubagui
wa vitani na nyumbani.

Agosti, kiu ikaja.
Nyumbu wa maji, mmoja,
hakufika; tukangoja,
ndimi zimevimba ndani.

Mkojo Melis kakinga
katika debe la unga,
akanywa, macho kafunga,
akasema: "Afueni!"

Usiku ule kaletwa
mateka aliyekatwa
sikio; Lojze kaitwa,
mwashi wa hapo jirani.

Koti lake la kijivu
lina damu, lina jivu;
hakuonyesha uchovu
wala chuki ya machoni.

Sajini akauliza
mizinga wameilaza
wapi; teke kaongeza
kwa buti, la kiunoni.

Lojze hakujibu neno.
Aliponyosha mkono
tukauma yetu meno,
bunduki zi mabegani.

Midomo yetu kaona,
jinsi ilivyochanana;
kwa lugha yetu kanena,
kwa lafudhi ya sokoni:

"Hatua elfu, na kumi,
pana maji; si uvumi.
Aliyekichonga mimi
kisima kile mwambani.

"Miaka miwili nzima
nyundo yangu ikivuma,
mke akisomba nyuma
kokoto, mwana tumboni.

"Pana jiko, ni jeusi,
kuta zote ni kifusi;
mlipiga kwa wepesi,
mara tatu, mwezi Juni."

Ramani nikafungua;
taa ndogo, nikajua
bila kupima hatua:
ni saba ile, yakini.

Sikusema. Ningesema
nini? Samahani, mwema?
Kidole kikatetema,
nikakificha kotini.

Watatu tukaambaa
kwa matumbo, bila taa,
mateka mbele, shujaa
wa nani? Wetu? Wa nani?

Debe la unga, kwa kamba
ya mzinga, likalamba
maji; sauti ya mwamba
ikaitika shimoni.

Melis kanywa, akalia.
Lojze mkono katia
ukingoni, kasugua
herufi zilizo ndani:

ya kwake na ya mkewe,
na mwaka, ndani ya jiwe.
Akaniuliza: "Wewe?"
Nikatazama pembeni.

Kulipokucha, mateka
thelathini wakatoka
kwa safu; yeye kacheka,
na chupa yangu kwapani.

Sajini aliniona;
hakuuliza ya jana
wala chupa, kwa maana
kanywa naye kisimani.

Adhuhuri. Simu: "Saba!
Wanachota maji, baba!"
Chuma kikagusa shaba,
mkono wangu kambani.

Nyuzi mbili nikapinda
kushoto; bomu likenda,
mtini wenye matunda
ukatoweka angani.

Simuni: "Umekosea!
Rudia!" Nikarudia.
La pili lilikotua
msiulize, jamani.

Sasa nina mbuzi tena
na kisima; chake kina
ni pima saba tu. Sina
uso wa kutia ndani.