Vipande Sita

Rapla, mwezi wa pili, theluji imefika madirishani
kama mgeni asiyepiga hodi.
Ndani ya ukumbi wa maktaba, meza tisa, supu ya njegere,
na Ülo Rand, mwalimu wa historia aliyestaafu,
anapangusa miwani kwa ncha ya tai
na kuisoma kadi ya kwanza kana kwamba anasoma wosia.

Pweza ana mioyo mingapi?

Kaarel wa meza ya saba, mwanakemia, hata hafikiri.
Mitatu. Na mmoja husimama anapoogelea,
ndiyo maana pweza hupenda kutambaa.
Urve Kuusk anatafuna mkate mweusi.
Amekuja kwa sababu jiko lake la kuni limeziba.

Nchi gani iliwahi kuwa na tarehe thelathini Februari?

Minong'ono. Penseli zinaumwa.
Uswidi, mwaka 1712: walitaka kuirekebisha kalenda,
wakaikoroga, ikabidi wainywe.
Leelo anaandika huku akijiuliza kwa sauti
waliozaliwa siku ile walisherehekea lini.
"Hawakuzeeka," asema Heino.
Angepewa nusu alama, laiti kungekuwa na haki.

Soneti ina mishororo mingapi?

Kumi na minne. Hii ya watoto, kila meza inapata,
isipokuwa meza ya tatu, ya madaktari wa meno,
walioandika kumi na miwili, kisha wakafuta, wakapata nao.

Ndipo ikaja kadi ya samani.
Ülo akakohoa. Kiti cha mkahawa, cha mbao zilizopindwa kwa mvuke,
karne ya kumi na tisa, kile ambacho thelathini na sita
vikifunguliwa huingia katika kasha la mita moja kila upande:
kina vipande vingapi vya mbao?

Kimya. Nane, akanong'ona Kaarel. Heino: kumi na kimoja.
Urve akauweka mkate chini.
Akasimama, akakishika kiti chake, akakipindua juu ya meza,
miguu hewani kama kondoo anayenyolewa,
na mkono wake, ule wa vidole vinne na nusu, ukaanza kutembea:
Huu wa nyuma ni ubao mmoja, umepanda, umepinda, umeshuka,
mguu, mgongo, mguu. Moja.
Upinde wa ndani, mbili. Duara la kukalia, tatu.
Miguu ya mbele, nne, tano. Pete inayoifunga miguu, sita.
Skrubu kumi, nati mbili. Andika, mtoto.

Jamani! Ukumbi mzima
ulikuwa umelikalia jibu tangu saa moja jioni.

Meza ya tatu ikapinga: huko ni kuchungulia!
Jibu litoke kichwani, ndiyo kanuni.
Ülo akaigeuza kadi, akaigeuza tena. Sita, kweli.
Lakini kanuni ni kanuni, Urve. Umetazama.
"Sikutazama," akasema. "Nimesalimia."

Alama ikafutwa. Wakashindwa kwa hiyo hiyo moja,
na madaktari wa meno wakaondoka na soseji ya zawadi.

Kwa Kiswahili, ukishindwa kitendawili unadaiwa mji.
Nipe mji, husema mtegaji, nawe unamkabidhi
Kairo nzima, ambako huna hata kigae.
Rapla hawana desturi hiyo.
Lakini Urve, akifunga vifungo vya koti, aliutoa wake bila kudaiwa:
mji wa king'ora cha saa kumi na mbili asubuhi,
wanawake sitini wenye nyusi nyeupe kwa vumbi la mbao,
fimbo ikitolewa kwenye mvuke, imelegea kama tambi,
nawe una dakika chache za kuibembeleza ipinde
kabla haijakumbuka kwamba ilikuwa mti.
Mji wenye mashine iliyobaki na nusu ya kidole.
Baadaye ghala. Baadaye duka la matairi.
Sasa uwanja mtupu, na mbwa wa jirani.

Ülo alibaki kupanga viti.
Kimoja kilikuwa bado juu ya meza ya saba, miguu hewani.
Akatazama mlangoni, akakihesabu kwa kidole, polepole,
akapata vitano.
Akavua miwani, akaanza upya.