Kisanduku cha Ukurasa wa Tatu

Kuna kisanduku katika fomu, ukurasa wa tatu,
kimeandikwa: Sifa binafsi. Alama moja hadi tano.
Ufaulu una cheti chake, utafiti una jarida lake,
barua za wakubwa zina mihuri.
Hiki kina kalamu yangu tu, na dakika kumi na tano.

Moshi, Julai, baridi imeshika vifundo.
Mlima umefunga tangu Jumatatu.
Tumekaa watatu, migongo dirishani:
Profesa Urassa, Sista Anasia wa thieta
(miaka ishirini na saba, leo ndiyo mara ya kwanza kuitwa),
na mimi, niliyetoka zamu bila kulala.

Waombaji kumi na tisa. Nafasi nne.

Asubuhi tuliwapa ngozi ya mbuzi kutoka buchani Mbuyuni,
washone tukiwatazama.
Mikono haikunitia shaka. Mkono hufundishika:
nimemfundisha wa shoto, nimemfundisha mwenye kutetemeka,
lakini sijaweza kumfundisha mtu kusema "sijui"
saa nane za usiku, tumbo la mtu likiwa wazi.

Basi tukauliza: Tuambie kosa lako.

Dokta Godlove Temu, tai nyekundu, wa kwanza darasani,
akasema kosa lake ni kujituma kupita kiasi.
Wa pili naye hivyo hivyo. Na wa tatu.
Nikajua kuna mahali wanauziana jibu hili
kama maandazi, lingali moto.

Kisha akaingia Kisiongo Mollel, wa hospitali ya wilaya huko Same,
viatu vina vumbi la stendi.
Akanyamaza hadi nikadhani hakusikia.
"Usiku mmoja," akasema, "tunamzalisha mama kwa kisu,
jenereta inakohoa.
Muuguzi akasema, shashi hazijatimia, daktari.
Nikasema zimetimia.
Akasema, nimehesabu mara mbili.
Nikamwomba uzi nifunge.
Akauficha uzi mgongoni, akasimama."

"Ikapatikana?"
"Nyuma ya mji wa mimba, kushoto."
"Basi kosa halikutokea," akasema Profesa.
"Lilitokea. Nilishasema zimetimia."

Sista Anasia hakuinua uso.
"Huyo muuguzi anaitwa nani?"
"Eliainenyi Mbwambo. Kastaafu Machi.
Goti la kulia linamsumbua."

Sitawaficha: nimewahi kuununua ukweli wa namna hii.
Kijana alitulilia kwenye kiti kilekile,
tukampa nafasi kwa machozi yake,
na kabla ya Krismasi alikwishamrushia muuguzi mkasi.
Unyenyekevu nao hukaririwa.
Chanda chema huvikwa pete, walisema waliotangulia;
hawakuwahi kukiona chanda
ndani ya glovu.

Na mwaka wangu mimi, nani aliniuliza?
Walisoma cheti, wakauliza natoka ukoo gani wa Kibosho,
wakacheka na baba mdogo wa mtu fulani, nikapita.
Kosa langu lina jina, lina kaburi Uru
chini ya migomba, msalaba wa saruji.
Usiku ule pia kulikuwa na sauti nyuma ya barakoa
iliyosema, daktari, ngoja.
Sauti naikumbuka.
Jina sikuwahi kuuliza.

Profesa kaandika tatu, kwa wino mweusi, kapiga mstari.
Sista kafunika karatasi yake kwa kiganja
kama mtoto anayeogopa kuibiwa jibu.
Mimi nimeandika nne, nimeifuta, karatasi imechanika kidogo
palepale penye kisanduku.

Chai imeletwa, imepoa.
Nageuka dirishani: mawingu, paa la wodi ya watoto,
na Mollel kule chini, hajaondoka,
amesimama na mlinzi wa geti, anamsikiliza.
Ama anajua kwamba natazama.

"Aingie mwingine," akasema Profesa.