Daraja la Kwanza

Suweid kazipanga tatu nyuma ya kioo,
duka lake la Wete, mkabala wa benki,
zote rangi ya bati jipya.
Mimi sikuona tofauti. Ruzuna aliiona:
akasoma vibandiko kama anasoma barua ya posa,
nane, kumi na sita, kumi na sita yenye diski pana.

"Mwanafunzi hupunguziwa."
Mwanangu akatoa kitambulisho cha Tunguu,
hajakibandua hata ngozi yake ya plastiki.
Laki tisa ikashuka: laki nane na kumi elfu.
Moyo wangu ukakaa kitako.
Mkobani nina laki tisa na sitini,
msimu mzima wa karafuu, noti zenyewe zanukia.

"Mama, hiyo ya nane itachoka kabla ya mwaka wa pili."
Si itaongezwa baadaye?
"Haiongezeki, bibi. Kumbukumbu imechomelewa humo humo.
Wataka kumi na sita, chukua kumi na sita leo:
milioni na khamsini elfu."
Na punguzo?
"Punguzo ni la ile ya chini."

Basi ngazi iliyokuwa ya laki na nusu
ikarefuka hapo hapo tumesimama,
ikawa ya laki mbili na arubaini,
na kilichoirefusha ni kile kitambulisho.

Nikacheka. Suweid akadhani nimeudhika.
Namjua mtu huyu; si yeye, mwenziwe wa kituoni,
atiaye mkono guniani mwangu akanusa,
akasema hizi za pili, hizi mpeta,
na mti ni mmoja, jamvi moja, jua moja.
Nikiuza nashushwa daraja.
Nikinunua napandishwa.

"Huo mkoba ni wa bure?"
Wa bure, bibi, na kipanya.
"Cha bure hakiji peke yake, huja kavaa bei ya mwenziwe.
Toa mkoba, toa kipanya, toa na ile kalamu.
Kwetu karafuu haipimwi na makonyo yake."
Akagonga kikokotoo, akagonga tena:
milioni na kumi elfu.

Bado khamsini. Ruzuna akatazama viatu vyake.

Mimi nikakumbuka ukumbini kwangu, nyuma ya mlango,
magunia mawili ya makonyo.
Nayo yana mnunuzi wake.

Nikahesabu laki tisa na sitini mezani, noti kwa noti,
nikataka risiti, iandikwe Bimkubwa Shaame,
na iandikwe kumi na sita
kwa maneno, si kwa tarakimu.