Mfereji Ulio Wazi

Huku Umoja maji hayana siku.
Huja yakitaka, usiku wa manane,
bomba likikohoa kwanza, likitema kutu.

Tangu daktari aikunje ile karatasi
shangazi Kavata hafungi mfereji.
Ndoo iko chini yake, mtungi umesuguliwa kwa mchanga,
naye kitini, leso mabegani,
midomo ikisali bila sauti.

Juzi alirudisha sufuria ya Mama Mwikali,
akalipa shilingi arobaini za makaa,
akabisha mlango wa yule waliyenuniana
miaka miwili kwa ajili ya kamba ya nguo.
"Nitamwambia nini Bwana," aliniuliza,
"nikifika na sufuria ya watu?"

Namsihi alale, nitasikiliza mimi.
Anacheka, mbavu zinamuuma, anacheka tena.
"Ya bomba utayasikia, mwanangu.
Mimi nangoja mengine."

Saa tisa. Mlinzi wa ploti anapiga miayo.
Jengo zima limefunga macho,
isipokuwa shangazi na mfereji.

"Naogopa," anasema ghafla, gizani.
Kisha anainama, anapapasa ndani ya ndoo
kwa kiganja chote, taratibu.
"Lakini ni safi."