Fito Thelathini na Mbili Kuelekea Kaskazini

Masjala ya kaunti iko chini ya ardhi:
ngazi kumi na moja, kisha mlango wa chuma.
Bi. Verlene, karani, ananikagua mfuko.
"Kalamu ya wino humu ni haramu, mwenzangu. Penseli tu."
Nje, Kentucky inanyeshewa mvua ya Machi.
Ndani, karatasi zinanuka gundi na panya.

Nimekuja kumtafuta Obadia Stallard.
Kwetu jina lake hutajwa kama dua ya kabla ya kula:
wa kwanza kuvuka milima, wa kwanza kuangusha mti,
wa kwanza kuoka mkate mahali pasipokuwa na kitu.
Babu aliyasema hayo huku akichonga mpini,
nasi tukatafuna.

Daftari C, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili.
Mwandiko umelala ubavu kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe.
Mwaka 1809. Ekari mia na arobaini
kwa pauni thelathini na farasi jike mmoja,
chongo wa jicho la kushoto.
(Huyo farasi nimempenda. Jina hakuandikiwa.)

Kisha mipaka, nami nasoma kidole kikiwa hewani:
kuanzia kwenye mjozi wenye alama tatu za shoka,
fito thelathini na mbili kuelekea kaskazini
hadi jiwe lililo katikati ya Kijito cha Chumvi,
kukifuata kijito kinavyojipinda
hadi mialoni miwili iliyoota kutoka shina moja,
kisha moja kwa moja hadi kona ya shamba kuukuu,
na kurudi mwanzo.

Walipima nchi kwa vitu vifavyo.
Mjozi umeshakuwa kitako cha bunduki, au kitanda.
Kijito kimehama mara mbili,
majirani wakashtakiana miaka tisa
kwa maji yaliyokwisha kwenda zake.

1831, wanauza. Wanahamia Missouri.
Sahihi ya Obadia ina mkia mrefu,
ya mtu anayejitazama akiandika.
Chini yake, msalaba:
Keziah, mkewe, alama yake.
Hakimu ameongeza kwamba alimtenga na mumewe,
akamuuliza faraghani kama anaiachilia
theluthi yake ya ujane kwa hiari, bila kutishwa.
Akajibu ndiyo.

Faraghani wapi? Jikoni? Kwenye kamba ya nguo?
Na mume alisimama mbali hatua ngapi?
Hizo hazikupimwa.
Mkono mmoja wa msalaba umekolea, wa pili umefifia.
Labda alianza kwa nguvu akalegea.
Labda kalamu ilikuwa mbovu.

Saa tisa Bi. Verlene ananiita kahawa, mlangoni, isivuke kizingiti.
Namuuliza: shamba kuukuu, la nani?
Anavua miwani, anaifuta kwa sweta.
"Utalikuta kwenye hati nyingi za wakati ule.
Shamba kuukuu, bustani kuukuu ya mipichi.
Walifika wakayakuta."
Yamelimwa na nani?
"Hao hawakuwa na karani."

Nikarudi nyuma: Daftari B, Daftari A.
Kabla ya A kuna ubao wa rafu
na msumari.

Pasipokuwa na kitu, alisema Babu.
Lakini mipichi haijipandi kwa safu.
Kuna mtu alikula, akaihifadhi kokwa,
akangoja miaka mitatu
palepale ambapo mpimaji wetu
alisimika fito yake na kusema: kona.

Jioni naendesha gari hadi kijitoni.
Pana duka la matairi sasa.
Nahesabu hatua sita kwa kila ufito,
napita kati ya malori, viatu vimejaa tope,
mpaka mwenye duka anatoka, mikono imechafuka mafuta,
na kuniuliza kama nimepoteza kitu.
Mjozi, namwambia. Wenye alama tatu.
Anaitazama lami kwa adabu,
kulia, kushoto,
kisha anainama kuchungulia chini ya lori.